Marumaru ya Mabaniani: Historia ya Mahekalu ya Gujarat na Mlima Abu

Januari 1026, jeshi la Mahmud wa Ghazni lilivuka jangwa likafika Somnath, pwani ya Gujarat. Mfalme wa nchi hiyo, Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Solanki, hakungoja kupambana naye. Aliuacha mji wake mkuu wa Anahilapataka, ambao leo unaitwa Patan, akakimbilia ngome ya Kanthkot huko Kachchh. Hekalu la Shiva la Somnath likavunjwa na hazina yake ikachukuliwa. Pigo kama hilo lingeweza kuzima ujenzi kwa kizazi kizima, lakini mambo yakawa kinyume. Katika miongo iliyofuata, Gujarat na milima inayopakana nayo upande wa kaskazini zilipata majengo ambayo mpaka leo watu huyatumia kupimia ufundi wa mawe nchini India.

Modhera, si mbali na Patan, lilisimama hekalu la Surya, mungu jua. Limeelekezwa mashariki, na mbele yake pana bwawa la mstatili lililozungukwa na ngazi zinazoshuka pande zote hadi majini. Kwenye ngazi hizo yamepangwa mahekalu madogo 108. Kati ya bwawa na hekalu kuna ukumbi wazi wenye nguzo 52, zilizochongwa kuanzia chini mpaka kwenye vichwa vyake. Ukuta wa nyuma una jiwe lenye tarehe ya mwaka 1083 wa kalenda ya Vikrama, yaani 1026 au 1027, na maandishi yake yamekaa kichwa chini. Wapo wanaoisoma kama tarehe ya ujenzi, na wapo wanaosema jiwe lilipachikwa hivyo baada ya maafa ya Mahmud. Hata hivyo, wengi wanalihesabu jengo hilo kuwa la enzi ya Bhima.

Bhima alipofariki, mjane wake Udayamati alijenga Patan kisima cha ngazi cha kumkumbuka. Ni kama hekalu lililogeuzwa: badala ya kupanda, unashuka ngazi kupita orofa saba za nguzo na kuta zenye sanamu kubwa zaidi ya 500, nyingi zikiwa za Vishnu na maumbo yake mbalimbali. Mafuriko ya mto Sarasvati yalikifukia kwa mchanga kwa karne nyingi, na mchanga huohuo ukazihifadhi sanamu zake. UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014.

Hayo ni majengo ya mfalme na malkia. Lakini jengo lililobadilisha historia ya ufundi huu lilitoka kwa mtu aliyekuwa chini yao.

Waziri na deni la damu

Bhima alikuwa na ofisa mmoja aliyeitwa Vimala, ambaye watu wa baadaye walimwita Vimal Shah. Alikuwa Mjaini, mtu wa jamii ya wafanyabiashara. Mtawala wa eneo la Abu alipoasi, Bhima alimtuma Vimala kwenda kuirudisha nchi mikononi mwake, akamweka kuwa liwali wa mji wa Chandravati, chini ya mlima huo.

Hapa palikuwa na mgongano mkubwa. Dini ya Kijaini inakataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai, hata mdudu. Ndiyo maana Wajaini wengi walijiepusha na jembe, ambalo huua viumbe vya udongoni, wakashika biashara ya vitambaa, vito na fedha. Mtu wa imani hiyo anayeongoza jeshi ana deni kwa nafsi yake. Masimulizi ya Kijaini yanasema kwamba Vimala alipozeeka alimwendea mwalimu wa dini, akaambiwa afidie damu aliyoimwaga kwa kujenga hekalu juu ya mlima Abu. Yanaendelea kusema kwamba wenye ardhi, makuhani wa Kibrahmini, walimtaka aifunike ardhi yote kwa sarafu za dhahabu ndipo waiachie. Vimala akaagiza zifuliwe sarafu za mraba, kwa sababu za duara zingeacha mianya kati yake na wenye ardhi wangepunjika. Hii ni hadithi, lakini inaonyesha jinsi jamii ya wafanyabiashara ilivyopenda kumkumbuka mtu wake: alilipa bei kamili, na hakumdhulumu hata aliyempandishia bei.

Hekalu lilizinduliwa mwaka 1031 na kuwekwa wakfu kwa Adinatha, wa kwanza kati ya Watirthankara 24. Hao si miungu walioumba dunia. Ni binadamu walioshinda tamaa na hasira wakatoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kwa sababu wote wamefika mahali pamoja, sanamu zao zinafanana: mtu ameketi, miguu imekunjwa, mikono mapajani, uso umetulia. Unawatofautisha kwa alama ndogo tu. Adinatha ana fahali, Neminatha ana kombe la baharini, Parshvanatha ana nyoka aliyetanua shingo juu ya kichwa chake, na Mahavira ana simba.

Mawe yalitoka vilima vya Arasur, karibu na Ambaji. Ilibidi yapandishwe mpaka kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na inasemekana tembo ndio waliofanya kazi hiyo. Ukiliona hekalu kwa nje utadhani ni ghala: kuta tupu, zisizo na nakshi. Ukivuka kizingiti unakuta ua uliozungukwa na safu ya vyumba vidogo, kila kimoja na sanamu yake, na katikati ukumbi ambao hauna pahali palipoachwa bila patasi kupita. Sehemu kubwa ya ukumbi huo iliongezwa katikati ya karne ya 12 na Prithvipala, ambaye naye alikuwa waziri Mjaini, wa mfalme Kumarapala. Yaani hekalu la Vimala lilijengwa kwa awamu, kila kizazi cha matajiri kikiongeza chake.

Jinsi jiwe linavyoning'inia

Simama katikati ya ukumbi huo uangalie juu. Kuba inaanza na nguzo zilizounganishwa kwa mihimili mpaka zikafanya umbo la pembe nane. Juu ya mihimili hiyo limelazwa duara la mawe, na juu yake duara jingine lililosogea ndani kidogo, kisha jingine, mpaka uwazi unazibwa na jiwe moja la mwisho. Hakuna tao wala zege. Kila jiwe limelala bapa, limebanwa na uzito wa yale yaliyo juu yake na kushikiliwa kwa maungio yaliyochongwa sawasawa. Kutoka jiwe la katikati kinashuka kishada cha marumaru chenye petali ndani ya petali, kimechongwa chembamba kiasi kwamba mwanga unapenya kwenye kingo zake. Kuizunguka kuba wamesimama miungu wa kike 16 wa elimu, kila mmoja akiwa na silaha au chombo chake mkononi, wamepachikwa kwenye vikono vya mawe vinavyotokeza kuelekea katikati.

Ujenzi wa nguzo na mihimili una gharama yake. Mhimili wa jiwe hauwezi kuwa mrefu sana bila kuvunjika, kwa hiyo nguzo lazima ziwe nyingi na karibukaribu. Mafundi wa Gujarat waligeuza udhaifu huo kuwa uzuri. Nguzo zilipozidi, sura za kuchongwa nazo zilizidi, na mwanga ukaanza kucheza kati yake. Mahali ambapo mhimili ulihitaji egemeo, walipitisha utepe wa jiwe uliopinda mawimbi kutoka nguzo hadi nguzo, nao ukawa pambo.

Marumaru nayo ina masharti yake. Patasi ikigonga kwa nguvu pale jiwe lilipobaki jembamba, jani lote la ua huvunjika na kazi ya siku nyingi kupotea. Kwa hiyo hatua za mwisho hazikufanywa kwa kugonga bali kwa kukwangua na kusugua taratibu. Masimulizi ya Abu yanadai kwamba mafundi walilipwa kwa kupima vumbi: uzito wa unga wa marumaru waliokwangua ulilipwa kwa fedha ya uzito uleule. Iwe kweli au la, hesabu hiyo inamtuza anayeondoa jiwe kidogokidogo kwa uangalifu, nayo ndiyo siri ya kazi yote ya Abu.

Mpango wa jumla haukuwa wa Wajaini peke yao. Mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini ya zama hizo yalichorwa kwa kanuni moja: uwanja unagawanywa kwa miraba 64 au 81, chumba chenye sanamu kuu kinakuwa kidogo na chenye giza, juu yake unainuliwa mnara, na mbele yake zinafuatana kumbi ambazo mwanga wake unaongezeka kadiri unavyoelekea nje. Khajuraho, katikati ya India, unaona jambo hilo waziwazi. Hapo mnara wa hekalu la Kandariya Mahadeva, la Shiva, uliojengwa karibu na mwaka 1030, unapanda mita 31 hivi huku ukizungukwa na minara midogo 84 inayoegemeana. Khajuraho hapohapo lipo hekalu la Kijaini la Parshvanatha, lenye maandishi ya mwaka 954 yanayomtaja Pahila, mtu aliyelipatia bustani saba. Mawe ni yale yale na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni nani ameketi chumbani.

Ndugu wawili wa Dholka

Miaka 200 baada ya Vimala, nguvu za Wasolanki zilikuwa zimedhoofika na Gujarat ilishikwa na wakuu wa Vaghela walioketi Dholka. Mawaziri wao walikuwa ndugu wawili Wajaini, Vastupala na Tejapala. Vastupala alipewa kusimamia bandari ya Khambhat, na anayesimamia Khambhat alikuwa ameshika mlango wa bahari. Huko zilitoka nguo za pamba na shanga za akiki, na huko zikaingia farasi kutoka Ghuba, na pembe za ndovu na dhahabu kutoka pwani yetu. Wafanyabiashara wa mji huo ni mababu wa wale ambao Waswahili walikuja kuwaita Mabaniani.

Mwaka 1230 Tejapala alizindua hekalu lake la Abu, kando ya lile la Vimala, kwa ajili ya thawabu ya mkewe Anupamadevi na mwanawe Lavanyasimha. Hekalu hilo, linaloitwa Luna Vasahi, ni la Neminatha, na msanifu wake alikuwa Shobhanadeva. Vitabu vya Kijaini vinasimulia kwamba kazi ilipozorota, Anupamadevi alikwenda mwenyewe kuangalia. Akaona mafundi wakitetemeka kwa baridi ya mlimani, wakikatiza kazi kila mmoja akajipikie. Akaagiza kila fundi awekewe moto karibu yake, wapikiwe chakula kwa pamoja, na wagawanywe kwa zamu. Katika fasihi ya zama hizo wenye kutoa fedha husifiwa kurasa kwa kurasa. Si mara nyingi unakuta mtu akishughulikia vidole vya fundi vilivyoganda.

Dari moja ya hekalu hilo inasimulia jinsi Neminatha alivyoacha dunia. Imegawanywa kwa safu, nawe unaisoma kama kitabu. Kuna maandamano ya harusi, farasi na tembo na wapiga ngoma. Kuna banda la harusi limekwisha kupambwa. Pembeni kuna wanyama waliofungiwa wakisubiri kuchinjwa kwa ajili ya karamu. Bwana harusi anasikia vilio vyao. Gari lake linageuzwa, na kwenye safu nyingine unamwona akijing'oa nywele, kama wafanyavyo watawa wa Kijaini wanapoaga mali na jamaa. Tajiri aliyeleta marumaru hii yote mlimani aliagiza ichongwe juu ya kichwa chake habari ya mtu aliyeukimbia utajiri. Wajaini hawakuona kinyume hapo. Mlei hawezi kuacha kila kitu kama mtawa, lakini anaweza kujiwekea kiapo cha kiwango cha mali, na kinachozidi akakitoa. Hekalu ndilo pahali ilipokwenda ziada hiyo.

Na mali bila daftari hupotea bila habari. Maandishi ya mwaka 1230 yaliyochongwa hekaluni hayakuishia kwenye sifa za ukoo. Yanaweka utaratibu wa kila mwaka wa sikukuu ya siku nane, yakitaja ni watu wa Chandravati au wa kijiji kipi watakaobeba gharama za siku ipi, na ni nani watakaosimamia hekalu kizazi baada ya kizazi. Kumbe mwenye hekalu hakuwa mfalme, wala Tejapala peke yake. Ilikuwa halmashauri ya wafanyabiashara. Shairi la sifa lilitungwa na Someshvara, mshairi wa ikulu, naye alikuwa Mbrahmini mfuasi wa Shiva.

Patasi zile zile, misikiti

Mafundi hawa hawakufanya kazi kwa dini mbili tu. Bhadreshwar, bandari ya Kachchh, ina kaburi la mtu aitwaye Ibrahim, lenye tarehe ya mwaka 554 wa Hijra, yaani 1159 au 1160. Lina nguzo, mihimili na kuba ya duara juu ya duara, kama ukumbi wa hekalu, ila hakuna sanamu. Tena mwaka 1264, pale pale Somnath, nahodha Nuruddin Firuz wa Hormuz alipata ardhi ya kujenga msikiti kwa ridhaa ya wakuu wa mji. Mkataba uliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kisanskriti, na ule wa Kisanskriti ulimtaja Mungu wa Waislamu kwa jina la Kihindi, Vishvanatha, Bwana wa ulimwengu. Karne mbili na nusu baada ya Mahmud, biashara ilikuwa imewafundisha watu wa Somnath kutofautisha jeshi na wateja.

Khambhat yenyewe ilifungua karakana za mawe ya makaburi ya Waislamu. Mawe hayo yalipakiwa majahazini yakauzwa kote katika Bahari ya Hindi: yapo Dhofar, yapo Sumatra na Java, na marumaru za Khambhat zimepatikana hata Kilwa. Majani na mapambo yaliyozunguka aya za Kurani yalichongwa kwa mkono uliojifunza hekaluni.

Utawala unapinduka

Mwaka 1299 majeshi ya Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, yaliingia Gujarat, na baada ya miaka michache ukoo wa Vaghela ukaondolewa kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 14 mahekalu ya Abu yalishambuliwa na sanamu zake kuu zikavunjwa. Mwaka 1313 ilikuwa zamu ya Shatrunjaya, mlima mtakatifu kuliko yote kwa Wajaini wa Gujarat.

Kilichofuata ni kipimo cha nguvu ya halmashauri zile. Samara Shah, tajiri wa Patan, alimwendea Alp Khan, liwali aliyewekwa na sultani huyo huyo, akapewa kibali cha kutengeneza Shatrunjaya. Mwaka 1315 sanamu mpya ilizinduliwa. Huko Abu, matajiri Lalla na Bijada walitengeneza hekalu la Vimala na kulizindua upya karibu na mwaka 1321, na tajiri mwingine, Pethad, akalishughulikia la Tejapala. Wafalme waliotoa ruhusa ya kwanza hawakuwepo tena, lakini daftari, fedha na mafundi vilikuwepo.

Karne iliyofuata Gujarat ilipata masultani wake yenyewe. Ahmed Shah alianzisha Ahmedabad mwaka 1411, na msikiti wake wa Ijumaa ukakamilika mwaka 1424. Ndani una nguzo 260, na kuba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya kulala, duara juu ya duara. Fundi yeyote wa Abu angeujua mkono huo.

Wakati huo huo, mafundi wengine walivuka milima kwenda Mewar, katika Rajasthan, ambako Rana Kumbha alikuwa akijenga ngome na mahekalu. Miongoni mwao alikuwemo Mandana, wa ukoo uliotoka Gujarat, aliyeandika vitabu vya kanuni za mahekalu na sanamu ambavyo wasanifu wanavisoma hata sasa. Katika nchi ya Kumbha, mfanyabiashara Dharna Shah alitaka hekalu lililo kama kasri la mbinguni aliloliota. Wasanifu wengi wakaleta michoro asiipende, mpaka akaja Depaka. Maandishi ya mwaka 1439 yanalitaja jina lake.

Hekalu la Ranakpur lina milango minne na Adinatha mwenye nyuso nne, anayetazama kila upande. Kumbi zake ni 29, na mapokeo yanahesabu nguzo 1,444, zisizo na mbili zenye nakshi ya aina moja. Jambo la ajabu ni kwamba msitu huo wa mawe hauna giza. Depaka alipandisha kumbi kwa vimo tofauti na kuacha nyua katikati, mwanga ukaingia kutoka juu na kutoka pembeni, na kutoka karibu kila pembe macho yanaweza kupita kati ya nguzo hadi kwa Adinatha. Tatizo la mhimili mfupi lililowasumbua watu wa Abu lilikuwa limepata jibu lake kamili.

Kazi iliyovuka bahari

Vita na njaa za karne zilizofuata ziliyaacha mengi ya mahekalu haya matupu. Ranakpur liliachwa kwa muda mrefu. Katika karne ya 20 amana ya Kijaini ya Anandji Kalyanji, yenye makao Ahmedabad, ililikarabati pamoja na yale ya Abu, kwa fedha za wafanyabiashara na mafundi wa jamii ya Sompura, wanaofuata asili yao mpaka Somnath. Somnath lenyewe lilipojengwa upya na kuzinduliwa mwaka 1951, msanifu wake alikuwa Prabhashankar Sompura.

Wagujarati waliohamia Afrika Mashariki walikuja na desturi hiyo. Wajaini wa Mombasa walifungua hekalu lao la marumaru nyeupe, lenye mnara, mwaka 1963. Nairobi, mwaka 1999, jumuiya ya Kihindu ya Waswaminarayan ilizindua hekalu la mawe ya manjano ya Jaisalmer, yaliyochongwa India kisha yakaunganishwa Kenya. Serikali haikuagiza hata moja kati ya hayo mawili. Waumini walichanga, kamati ikaandika hesabu, mafundi wa mawe wakaitwa. Wasolanki, Wavaghela, Wakhalji na Kumbha wote wamepita, na kila mmoja alidhani kwamba mahekalu yanasimama au kuanguka kwa amri yake. Yalisimama kwa sababu palikuwa na mtu wa kulipa na mtu wa kuchonga, na hao wawili hawakupoteana kwa karibu miaka elfu moja.